Hiari Yashinda Utumwa: Historia Fupi ya Wanaume wa Ngozi na Pikipiki nchini Marekani

Utangulizi

Katika darasa letu la tafsiri, wanafunzi walipewa makala ya Kiingereza kuhusu historia ya jiji la San Francisco ili waifasiri kwa Kiswahili. Mmoja wao alikutana na jina la aina fulani ya baa, akaandika "baa ya ngozi", kisha akauliza kwa unyofu kama mle ndani huuzwa pombe au huuzwa ngozi. Darasa zima liliangua kicheko. Hata hivyo, swali lilikuwa la haki, na sisi walimu tulijikuta hatuna jibu la kutosha. Maneno tuliyajua, historia iliyo nyuma ya maneno hatukuijua. Mfasiri wa namna hiyo hubeba ganda akaacha kiini.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile. Tutaeleza jinsi vilabu vya pikipiki vya wanaume wapendao wanaume vilivyoanza nchini Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, jinsi jaketi la ngozi lilivyogeuka kuwa alama yao, na jinsi baadhi yao walivyojenga, kati ya watu wazima, mchezo wa kufungana na kutiishana wenye kanuni zake. Tutaeleza pia namna mahakama, matabibu na majirani walivyolipokea jambo hilo. Mwishoni tutarejea kwenye kazi yetu, yaani kazi ya maneno.

Tunafahamu kwamba sheria za nchi zetu hazifanani kuhusu watu wa aina hii. Uganda ilipitisha sheria kali mwaka 2023, Burundi iliharamisha mahusiano haya mwaka 2009, ilhali Rwanda haina kifungu kinachoyaharamisha. Msomaji atakuwa na msimamo wake. Sisi tunachodai ni kwamba mwalimu wa lugha hawezi kulifundisha neno asilotaka kulitazama.

Suala la Istilahi

Tuanze na jina lenyewe. Wengi wangeandika "mashoga" na kuendelea na safari. Lakini neno hili lina mambo yake. Katika Kiswahili cha pwani, shoga ni mwanamke aliye rafiki wa mwanamke mwenzake, na hadi leo wanawake huitana hivyo pasipo maana nyingine. Kumwita mwanamume shoga ni kumweka upande wa wanawake. "Hanithi", neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba pia maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume. "Msenge" ni tusi la moja kwa moja.

Sasa, watu tunaowazungumzia hapa walivaa buti nzito, wakapanda pikipiki kubwa na kutembea kwa kishindo kwa sababu hiyo hasa: walikataa kuambiwa kwamba mwanamume apendaye wanaume ni lazima awe kama mwanamke. Tukiwaita kwa jina linalotokana na urafiki wa wanawake, tutakuwa tumewabandika picha ileile waliyoitumia miaka yao kuikana. Kwa hiyo tumechagua kuandika "wanaume wapendao wanaume" na, kwa kundi hili mahususi, "wanaume wa ngozi". Ni maneno marefu kidogo, lakini hayatukani wala hayapotoshi.

Kutoka Vitani hadi Barabarani

Vita vilipokwisha mwaka 1945, vijana wengi wa Marekani walirudi nyumbani wakiwa wamezoea maisha ya kambini: umoja, nidhamu, sare na hatari. Wengine hawakurudi walikotoka. Jeshi la Marekani lilikuwa limewaachisha kazi maelfu ya askari kwa kuwashuku kuwa wanapenda wanaume, likiwapa hati za rangi ya buluu ambazo kila mwajiri alijua maana yake. Kurudi kijijini na hati hiyo kulikuwa ni kujitangaza. Wengi walibaki katika miji ya bandari walikoshukia, kama vile San Francisco na Los Angeles.

Wakati huohuo pikipiki za jeshi, zilizoundwa kwa makumi ya maelfu wakati wa vita, ziliuzwa kwa bei nafuu. Vilabu vya waendeshaji pikipiki vikaota kama uyoga. Mwezi wa Julai mwaka 1947, katika mji mdogo wa Hollister huko California, mkutano wa waendeshaji hao ulizua vurugu zilizotangazwa sana magazetini. Kutokana na tukio hilo ilitengenezwa filamu ya The Wild One, iliyotoka mwaka 1953, ambamo Marlon Brando alionekana akiwa na jaketi la ngozi la aina ya Perfecto. Jaketi hilo halikuwa jipya. Irving Schott wa New York alikuwa amelibuni mwaka 1928 ili kumkinga mwendeshaji na upepo pamoja na michubuko ya barabarani. Filamu ndiyo iliyolipa maana ya pili: kijana asiyepigia mtu magoti. Nchini Uingereza filamu hiyo ilizuiwa isioneshwe hadharani hadi mwaka 1967, kwa hofu kwamba vijana wangeiga.

Mwaka huohuo wa 1953, Rais Eisenhower alitia saini amri iliyowafungia watu hawa milango ya kazi za serikali ya shirikisho. Polisi nao walivamia baa walizokutania. Katika hali hiyo, klabu ya pikipiki ilikuwa na faida ambayo mtu wa nje asingeitambua upesi. Wanaume kumi wanaoondoka mjini siku ya Jumamosi wakiwa juu ya pikipiki, wakaenda kupiga kambi milimani, hawakuhitaji kumweleza mtu yeyote sababu ya kuwa pamoja.

Vilabu na Baa

Mwaka 1954, mjini Los Angeles, ilianzishwa klabu iitwayo Satyrs. Ilifuatiwa na Oedipus mwaka 1958, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 San Francisco nayo ilikuwa na vilabu vyake. Satyrs imedumu, na inahesabiwa miongoni mwa jumuiya kongwe kabisa za watu wa aina hii nchini humo. Vilabu hivi vilikuwa na katiba, viongozi wa kuchaguliwa, ada, nembo za kushonwa mgongoni na safari za pamoja za mwisho wa juma. Kwa maneno mengine, vilifanya kama chama chochote cha watu wa kawaida, isipokuwa kwamba wanachama wake wangeweza kupoteza kazi endapo orodha ya majina ingevuja.

Baada ya vilabu zikafuata baa. Mjini Chicago, Chuck Renslow na mchoraji Dom Orejudos walikuwa na baa iliyoitwa Gold Coast, mojawapo ya zile za kwanza za aina hii. Illinois, jimbo la Chicago, lilikuwa la kwanza nchini Marekani kufuta sheria iliyoharamisha tendo la faragha kati ya wanaume wazima. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1961 na kuanza kutumika mwaka 1962. Huko San Francisco, katika eneo la maghala na karakana, palikuwa na baa iliyoitwa Tool Box. Chuck Arnett alichora ukutani mwake picha kubwa ya rangi nyeusi na nyeupe ikionesha wanaume wakakamavu wenye majaketi na kofia.

Mwezi wa Juni mwaka 1964, jarida la Life, lililosomwa na mamilioni ya watu, lilichapisha makala kuhusu wapenzi wa jinsia moja nchini humo. Lilifungua kwa picha ya baa ya Tool Box, ukuta ule ukiwa nyuma ya wateja. Sauti ya makala yenyewe ilikuwa ya onyo na wasiwasi. Lakini msomaji mpweke katika mji wa mbali aliyeiona picha hiyo alijifunza jambo jingine kabisa: kwamba hayuko peke yake, na kwamba kuna mahali pa kwenda. Wengi walikwenda. Tunawaomba wanafunzi wetu wa uhakiki wautafakari mfano huu, kwani unaonesha kwamba nia ya mwandishi na tafsiri ya msomaji ni mambo mawili.

Sanaa nayo ilichangia. Touko Laaksonen, Mfini aliyezaliwa mwaka 1920 na kutumikia jeshi la nchi yake wakati wa vita, alianza kuchapishiwa michoro yake mwaka 1957 katika jarida la Physique Pictorial la Los Angeles, kwa jina la Tom of Finland. Wanaume wa michoro yake walikuwa wakata miti, mabaharia na waendesha pikipiki, wote wakitabasamu bila aibu. Alifariki mwaka 1991. Mwaka 2014 posta ya Finland ilitoa stempu zenye michoro yake. Kile kilichosafirishwa kwa siri katika bahasha kikawa kinabandikwa juu ya bahasha. Kwa upande wa fasihi, mshairi Mwingereza Thom Gunn, aliyehamia California, aliwaandikia waendesha pikipiki shairi katika diwani yake ya mwaka 1957.

Mchezo wa Kufungana na Kanuni Zake

Tunafika sasa kwenye sehemu inayowashangaza wengi. Si kila mwanaume wa ngozi alikuwa mwendesha pikipiki, na si kila mmoja alishiriki mchezo huu. Hata hivyo, ndani ya vilabu na baa hizo ilikua desturi ya watu wazima kukubaliana kwamba mmoja atatoa amri na mwingine atatii; mmoja atafunga na mwingine atafungwa kwa kamba, mikanda au pingu, kwa muda waliopatana.

Kwa karne nzima wataalamu waliuita ugonjwa. Daktari Richard von Krafft-Ebing, katika kitabu chake cha mwaka 1886 na matoleo yaliyofuata, aliyaingiza katika lugha ya tiba majina ya tabia hizi yaliyotokana na waandishi wawili: Mfaransa Marquis de Sade na Leopold von Sacher-Masoch wa Austria. Majina hayo hayatofautishi kati ya anayemtesa mtu asiyetaka na wawili waliokubaliana. Kwa mwanasheria na kwa mtu wa kawaida, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Wenyewe walijaribu kuiandika. Mwaka 1972 Larry Townsend alichapisha kitabu cha mwongozo kwa wanaume wa ngozi, kilichowapa wageni maarifa yaliyokuwa yakipokezanwa kwa mdomo tu. Mwaka 1974 Cynthia Slater aliasisi Society of Janus huko San Francisco kwa ajili ya elimu ya namna hii, nayo ikawapokea wanawake na wanaume wa kila aina. Mafunzo yalikuwa ya kawaida kabisa: watu wazungumze kabla ya kuanza; kila mmoja aseme asilolitaka; aliyefungwa asiachwe peke yake; mkasi uwe karibu; na pawepo neno moja ambalo likitamkwa, kila kitu kinasimama papo hapo. Wanafunzi wetu walipendekeza neno hilo tuliite "neno la breki", na sisi tumelikubali, kwani linatoka barabarani kama historia yenyewe.

Mwaka 1983, katika chama cha GMSMA cha New York, david stein, aliyependa jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, alishiriki kuandika tamko la malengo lililokuwa na vigezo vitatu: usalama, akili timamu na ridhaa. Vigezo hivyo vilienea duniani. Baadaye vilizua mjadala. Mwaka 1999 Gary Switch alipendekeza kwamba badala ya kudai usalama, watu wakiri kwamba hatari ipo na waridhie wakiijua. Mwendesha pikipiki anauelewa mjadala huo vizuri: kofia ngumu hupunguza hatari, haiiondoi.

Mbele ya Sheria

Sheria haikuupokea mchezo huu kwa urahisi. Tarehe 10 Aprili 1976, polisi wa Los Angeles walivamia mahali palipoitwa Mark IV, ambapo palikuwa na mnada wa maigizo: wanaume walijitolea "kununuliwa" kwa muda, na mapato yalikusudiwa kwa mashirika ya hisani ya jamii yao. Watu wapatao 40 walikamatwa kwa kutumia sheria ya California iliyotungwa kuzuia utumwa. Shtaka hilo la utumwa halikufika mbali. Umma uliuliza ni kwa nini jeshi la polisi lilitumia nguvu na fedha nyingi kiasi hicho kwa mnada ambao hakuna aliyelazimishwa kuuingia.

Kesi nzito zaidi ilitokea Uingereza. Mwaka 1987 polisi walikamata kanda ya video iliyowaonesha wanaume wakishiriki mchezo wa kuumizana kwa makubaliano. Hakuna aliyelalamika. Hata hivyo, mwaka 1990 wanaume 16 walitiwa hatiani, na wengine wakafungwa. Watano walikata rufaa. Mwaka 1993 majaji wa ngazi ya juu kabisa waliamua, kwa kura tatu dhidi ya mbili, kwamba ridhaa si utetezi katika jambo hilo, ingawa ni utetezi katika ndondi na upasuaji. Mwaka 1997 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali kwamba dola ilikuwa na haki ya kuingilia kati.

Ni rahisi kuiona hukumu hiyo kama chuki tupu, na wengi waliiona hivyo. Lakini haki inatutaka tutazame upande wa pili. Katika miaka ya karibuni, nchini humohumo, palikuwa na kesi za wanawake waliouawa, na washtakiwa wakadai kwamba marehemu aliridhia kuumizwa. Marehemu hawezi kukanusha. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2021 kuhusu ukatili wa majumbani iliandika waziwazi kwamba ridhaa ya namna hiyo si utetezi pale palipo na madhara makubwa. Kwa hiyo swali la ridhaa ni gumu kweli. Ridhaa ya kweli huhitaji mtu aliye hai, huru, mtu mzima, na anayeweza kusema "basi" na akasikilizwa.

Upande wa tiba ulibadilika taratibu. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliamua kuuondoa upenzi wa jinsia moja katika orodha ya magonjwa. Mwaka 2013 mwongozo wake ulitenganisha mapenzi yasiyo ya kawaida na ugonjwa unaomdhuru mtu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, halikuuhesabu tena mchezo wa watu wazima walioridhiana kuwa ni ugonjwa.

Msiba na Kumbukumbu

Mwaka 1981 taarifa za kwanza za ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ukimwi zilichapishwa Marekani. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa maana ya kuzika kijana baada ya kijana. Wanaume wa ngozi walizika kizazi kizima. Vilabu vilivyozoea kuandaa safari vikageuka kuwa vya kuuguzana na kuchanga fedha. Tamasha la Mtaa wa Folsom lililoanza San Francisco mwaka 1984 lilitokana na wanaharakati wa makazi waliokuwa wakiutetea mtaa wao usimezwe na majengo ya kibiashara, na likawa pia mahali pa kuchangia wagonjwa.

Waliokufa waliacha majaketi, barua, nembo na picha, ambavyo jamaa wengi walivitupa kwa aibu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1991 Chuck Renslow na Tony DeBlase waliasisi mjini Chicago hifadhi na makumbusho ya utamaduni huo, Leather Archives & Museum. Mwanaanthropolojia Gayle Rubin naye alikusanya historia ya wanaume wa San Francisco kwa tasnifu yake ya mwaka 1994. Mwaka 2018 jiji hilo liliitambua rasmi sehemu ya mtaa ule kuwa eneo la utamaduni wao. Jengo la Tool Box lilikuwa limebomolewa mwaka 1971. Inasimuliwa kwamba ukuta wenye picha ya Arnett ulibaki umesimama peke yake kwa muda, wanaume wale wakiwatazama wapita njia juu ya kifusi.

Neno "Mtumwa"

Tumelibakiza kusudi jambo lililolitatiza darasa letu kuliko yote. Katika mchezo huu wapo wanaojiita kwa Kiingereza kwa majina ambayo kamusi hutufasiria kuwa "bwana" na "mtumwa". Je, mfasiri aandike hivyo? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na njia za misafara kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo hazijasahaulika. Kwetu sisi "mtumwa" si vazi la kuigizia. Wamarekani weusi nao wamelisema hili. Vilabu vya mwanzo vilikuwa vya Wazungu kwa sehemu kubwa, na mwaka 1995 wanaume weusi waliunda huko Chicago klabu yao iitwayo ONYX ili wawe na mahali ambapo historia yao haifanyiwi mzaha.

Wanafunzi walipendekeza "mtiishaji" na "mtii". Wengine walishikilia kwamba mfasiri hana ruhusa ya kulilainisha neno ambalo wenyewe wamelichagua. Tulimaliza kipindi bila kupata mshindi. Lakini mwanafunzi mmoja alitukumbusha methali ya wahenga: hiari yashinda utumwa. Wahenga walikuwa wameshatenganisha mambo mawili ambayo kamusi za tiba zilichelewa kuyatenganisha kwa miaka mia na zaidi. Mtumwa ni mtu ambaye "hapana" yake haina nguvu. Aliyefungwa kwa hiari yake, akiwa na neno la breki mdomoni, si mtumwa, hata akijiita hivyo.

Hitimisho

Kwa hiyo, swali la mwanafunzi wetu lina jibu. Katika baa ya ngozi haiuzwi ngozi. Ngozi ilikuwa alama ya watu waliofukuzwa jeshini, makazini na majumbani, wakaunda udugu wao barabarani, na kisha wakalazimika kufikiri kwa makini kuliko wengi wetu kuhusu maana ya kukubali. Kiswahili kina maneno matatu kwa jambo hilo: idhini, ambayo hutolewa na mwenye mamlaka, hiari, ambayo ni kutolazimishwa, na ridhaa, ambayo ni moyo kukubali. Tunapendekeza walimu wenzetu wayafundishe maneno haya matatu pamoja, kwa mifano ya ndoa, ya hospitali, ya mikataba na ya historia kama hii. Kijana anayejua tofauti ya idhini na ridhaa amepata zaidi ya msamiati. Amepata namna ya kujua lini amekubali na lini amelazimishwa.